Uutoe ule waya kwanza

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete hatujambo, mama yako goti limempungua, na mjukuu wangu tunamngoja skuli zikifungwa. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu husikiliza nusu, nusu ya pili ushaingia kazini.

Ile sauti uliyonitumia ukiwa njiani kwenda Makunduchi, wewe unanieleza tiketi za boti, mimi nasikia feni ya hewa ya ndani ya gari. (Na hilo la kurikodi sauti huku umeshika usukani tutalizungumza ukija.) Mwisho kabisa ukasema, kwa kupita tu, kwamba fyuzi ya feni imekatika mara mbili, na kijana wa gereji akakuwekea waya mahali pake ili usisumbuke tena.

Uutoe ule waya, mwanangu. Uutoe leo, hata kama haya mengine utayasoma kesho.

Fyuzi haikatiki kwa ubaya wake. Mota ya feni ikiwa nzito kuzunguka, kwa bushi (ile pete inayoshika shafti, chuma cha katikati) kukauka au uchafu kuibana, huvuta umeme mwingi kuliko kawaida, na fyuzi imewekwa pale ili ikatike yenyewe kabla waya hazijapata moto. Sasa hakuna kitakachokatika. Joto litaingia kwenye waya za gari na kwenye soketi ya feni. Nimezichomoa soketi za namna hiyo: plastiki iliyokuwa nyeupe imekuwa rangi ya kahawa, pini moja imezama ndani, na ukiikamata inamong'onyoka mkononi. Na hiyo iko chini ya dashibodi upande wa kushoto, miguuni pa abiria. Kwenye gari yako abiria wa kushoto ni nani? Usiniambie mumeo kasema haina neno.

Kifuniko cha boksi la fyuzi kimeandikwa namba ya kila moja. Weka namba ile ile. Kama ni 30, ni 30, si 40 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani. Ikikatika tena, iache hivyo hivyo, ufungue vioo. Joto la kaskazi halijaua mtu ndani ya gari inayokwenda.

Kelele yenyewe nadhani naijua, lakini hakikisha. Gari ikiwa imesimama, zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, injini usiiwashe. Weka feni namba 1, kisha 2, mpaka 4. Kelele ikiwepo na ikipanda pamoja na namba, basi ni feni hiyo hiyo. Ikiwa kimya, na kelele inakuja injini ikiwaka tu, hapo tafuta mkanda wa injini au kompresa ya AC, ni habari nyengine. Mimi kwenye sauti yako nimesikia mambo mawili: ta-ta-ta-ta ya kitu kinachogongwa na mapezi ya feni, na chini yake mlio mwembamba wa bushi kavu. Ile ta-ta-ta ni majani. Gari unailaza chini ya mwarobaini, na vijani vile vidogo vinapita kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, vinashuka moja kwa moja mpaka kwenye feni. Kama gari ina chujio la hewa nyuma ya droo ya dashibodi mbele ya abiria, litazame. Pengine limechanika, au aliyekuuzia alilitoa akalitupa.

Kuifungua si kazi ya kutisha. Toa kwanza waya wa hasi wa betri na ungoje dakika chache, maana eabegi ya abiria iko karibu na hapo. Soketi za manjano usiziguse kabisa. Toa droo, chomoa soketi ya mota, na hapo uitazame vizuri ile plastiki niliyokwambia. Mota mara nyingi imeshikwa kwa skurubu tatu, ukizilegeza inashuka yenyewe. Majani yatoe kwa mkono na brashi laini, usiyapinde mapezi. Ukiona kibati kidogo kimebanwa kwenye pezi moja usikitoe ukidhani ni uchafu. Kimewekwa kusawazisha uzito, kikitoka feni itatikisika. Kisha izungushe kwa kidole. Ikienda kwa kujikokota, tia tone moja la mafuta ya cherehani pale shafti inapoingilia, moja tu. Ile dawa ya kopo ya kulegezea kutu usipulize. Inakauka, na kelele inarudi kali zaidi.

Mafuta hayo ni ya kusogeza siku. Shafti ikiwa inachezacheza, nunua mota nyengine. Ya mtumba inatosha, lakini waambie waijaribu kwa betri mbele yako kabla hujatoa pesa, na uende na ya zamani mkononi ulinganishe soketi na mapezi. Na siku ukiona feni inafanya kazi namba 4 peke yake, hiyo ni rezista, kile kifaa cha kupunguza kasi ya feni, imeungua. Inapozwa na upepo wa feni hiyo hiyo, kwa hiyo feni ikizongwa na majani nayo huungua.

Mimi barazani nakutaja. Nasema binti yangu anakwenda zamu ya usiku kusini na hajapata kunipigia simu amekwama. Lakini uangalifu wako unaishia kwenye mafuta na tairi, na kelele unaifunika kwa redio. Hilo umelikuta kwetu, kwenye gari yetu ya zamani, silikatai. Ila gari ile haikuwa na waya mahali pa fyuzi. Hebu nifikirie mimi nimelala huku Wete, nawe uko kati ya Jozani na Kitogani saa nane za usiku, plastiki inanuka.

Ukishautoa nipigie picha ya boksi la fyuzi nione mwenyewe. Si kwamba sikuamini.

Karafuu mwaka huu zimeshika vizuri upande wa bondeni, lakini vuli linatuchezea. Tunaanika asubuhi, adhuhuri tunakimbilia majamvi. Kaka yako kachoka, na mimi kupanda juu wamenikataza. Majamvi mawili yameoza pembeni. Ukipata Darajani nunua mawili makubwa umpe mtoto aje nayo kwenye boti. Kaka yako atakuwa Mkoani kuwapokea. Mama yako anataka nyuzi za cherehani, nyeusi na nyeupe, na anasema zile ulizoleta mwanzo zinakatika.

Baba yako