Barua ya wazi kwa diwani wetu hapa Denver: joto letu linaenda na maji ya chooni

Mheshimiwa Diwani,

Kwa heshima na taadhima, salaam nyingi kutoka ghorofa ya tatu. Naandika nikiwa na koti na soksi mbili mbili maana boila la kupasha joto jengo letu limezima tena usiku, mara ya tatu tangu Krismasi. Mtoto wa dada yangu kalala na kofia, mke wangu kawasha oveni kaacha mlango wazi, najua ni hatari, tusifundishane leo.

Nakukumbusha tu, Oktoba ulikuja kikaoni kwetu, ukala sambusa tatu (nilizihesabu, mke wangu ndo alizikaanga), ukatusimulia ya National Western Center, yale majengo ya maonyesho ya mifugo hapa Denver, kwamba wanavuna joto kwenye bomba kuu la maji taka liitwalo Delgany, megawati 3.8, na karibu asilimia 90 ya kupasha na kupoza majengo pale inatoka humo. Tukapiga makofi. Ukasema na hapa mtakuja kupima joto la maji taka yetu. Mheshimiwa, ulimaanisha Oktoba ipi? Maana zimeshapita mbili.

Mimi nafua mashuka hotelini, zamu ya usiku. Mashine ikimaliza maji yanatoka yanafuka mvuke yanaingia kwenye shimo la sakafuni, na kila yakienda roho inaniuma, tumechoma gesi kuyachemsha halafu hata saa haijaisha tunayamwaga. Nyumbani hivyo hivyo, jengo zima watu wanaoga wanaosha vyombo yote yanashuka chini. Kaangalie mfuniko wa chemba mbele ya jengo letu, theluji imejaa kila mahali lakini juu yake haikai, pameacha duara jeusi kavu na paka wa jirani ndo kitanda chake. Paka kaelewa huu mradi kabla ya... basi niishie hapo, kwa heshima.

Na asije mtu akatuambia uchafu utaingia vyumbani, ulieleza mwenyewe maji hayachanganyiki. Ni kama kikombe cha uji ukikipoza kwenye beseni, uji unapoa, maji ya beseni yanapata uvuguvugu, na hakuna tone la uji limeingia beseni. Pampu ya joto inachukua huo uvuguvugu inaupandisha kwa umeme, kama friji inayofanya kazi kinyume. Maji taka ya mji huu hata kipupwe kikikaza yana nyuzi 13 za Selsiasi hivi na zaidi, wakati nje ni barafu tupu.

Sasa kwa nini majengo ya maonyesho ya ng'ombe na farasi ndo yatangulie? Nadhani pale walikuwa wanafukia mabomba upya, ikawa rahisi, hilo sawa. Au mwenye nyumba wetu anaona bora alitie viraka boila la gesi mpaka tuhame. Au ni vile kikao chetu kilikuwa cha mkalimani. Sheria ya Energize Denver, ile ya kupunguza matumizi ya nishati, mlipitisha 2021 kwa majengo makubwa, na letu si kibanda, nani anamfuatilia huyu bwana?

Siombi megawati. Hata pampu siombi mwaka huu. Naomba mtu mmoja tu na kipimajoto, afunue ule mfuniko apime, aone maji yanapita kiasi gani, atuandikie. Zamu natoka saa kumi na mbili asubuhi, saa moja niko mlangoni, ntamwonyesha mwenyewe. Aje kupima tu mheshimiwa, kupima tu. Na boila liwake leo, kabla mtoto hajalala.

Mpangaji wako wa ghorofa ya tatu, yule wa sambusa.