Bahari Haikuwepo

Birmingham,
Jumatatu usiku

Rukia shoga yangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Mama hajambo? Watoto je? Haya, salamu zimekwisha, maana najua unachokisubiri.

Ujumbe wako nimeupata. Miezi saba hatujasemezana, Kheri anakurushia picha moja tu, nawe unaniandikia maneno matano: "Kubazi la pili liko wapi?" Hata hujambo hakuna. Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka mama mmoja akahama kiti. Halafu nikaacha kucheka.

Nakuandikia kwa mkono, nikimaliza nitaipiga picha nikutumie. Kwenye simu nimeshindwa. Naandika, nafuta, naandika, nafuta, na wewe huko unaona tu "anaandika" halafu kimya. Najua umeona hivyo si mara moja. Usiniulize.

Kubazi lipo. Yaani lipo, ila haliko kwangu. Liko chini ya tope la pwani ya Somerset, na kwa jinsi tope lile lilivyolivuta... Ngoja nianze mwanzo.

Ijumaa nilikuwa na shifti ya usiku. Wazee wangu wote walilala isipokuwa bibi wa chumba cha mwisho, aliyeniita saa nane nimfungie pazia, mwezi unammulika usoni. Nikaenda dirishani. Mwezi mpevu, umekaa chini kabisa juu ya mapaa ya nyumba kama jirani anayechungulia. Nikausifu, nikaufungia pazia, nikaenda zangu kubadilisha mashuka. Huo mwezi uweke akilini, nitaurudia.

Asubuhi natoka, namkuta Neema kwenye geti, gari linanguruma, Yusufu kakaa nyuma na ndoo yake ya plastiki. "Panda, tunakwenda baharini." Namwambia sijalala. "Utalala njiani." Na nguo? "Si umevaa?" Basi, mipango yote ilikuwa hiyo. Aliamka akaona jua, na huku jua likitoka Jumamosi watu hulikimbilia kama deni linalolipwa, akachukua funguo. Nilipita chumbani dakika tano, nikavua viatu vya kazi, nikalitoa lile boksi chini ya kitanda. Ulinivalisha mwenyewe yale makubazi siku ya kuondoka, ukasema ni ya ufukweni tu, nisikuone nayo kazini. Nimekutii, Rukia. Miaka mitatu hayajagusa lami.

Kwa hiyo hapa inabidi nikiri jambo jingine. Kila ulipouliza kama nimeshaiona bahari ya huku, nilikujibu kwamba huku hakuna bahari, sisi tuko katikati ya nchi. Kweli Birmingham iko katikati ya nchi. Nisichokwambia ni kwamba nchi yenyewe ni nyembamba: hata pale palipo mbali kuliko pote, mashambani Derbyshire, ukienda moja kwa moja ni kama kilomita 113 tu mpaka pwani. Kutoka mlangoni kwangu hadi Weston-super-Mare ni saa mbili kwa gari. Miaka mitatu, Rukia! Ningekwenda lini? Shifti, nauli, baridi, shifti. Ukinibana nitakutafutia sababu nyingine.

Tulizunguka kumfuata Kheri, ambaye unamjua, hajawahi kuwa tayari hata siku ya harusi yake, na mpaka anakaa kwenye kiti ilishakuwa saa nne. Barabara ya M5 ikatupokea kwa foleni. Nusu ya Birmingham ilikuwa imeamka na wazo lilelile la Neema. Nililala mdomo wazi (picha hiyo pia Kheri anayo, mwombee afya njema) nikazinduka juu ya daraja la Avonmouth. Nikatazama chini: mto umebaki mfereji mwembamba, huku na huku kingo za tope zinang'aa. Mwenye akili angeshtuka palepale. Mimi nikauliza kama tumekaribia.

Jina la mji ule, hiyo "super-Mare", ni Kilatini, maana yake juu ya bahari. Tukaegesha, tukakimbilia ukuta wa ufukweni, Yusufu mbele na ndoo yake. Tukatazama. Mchanga. Kisha mchanga mbichi, kisha kitu kama bati jipya linalometa, kisha mbingu. Gati lao la starehe limesimama kwa miguu yake mirefu juu ya nchi kavu, kama mtu aliyekunja suruali asilowe na maji yenyewe hayapo. Shakwe tele. Punda wanabeba watoto, watu wamejilaza na miwani ya jua. Kila kitu cha baharini kilikuwepo isipokuwa bahari.

Kheri akaanza kutueleza kwamba gati lile lilifunguliwa 1904, likaungua 2008, likafunguliwa tena 2010. Neema akamwuliza, walilizima kwa maji gani? Yusufu yeye hakubishana na mtu. Akakaa chini akaanza kuchimba kwa ndoo, anasema labda iko chini.

Mimi nikasema kama haiji nitaifuata.

Mabango yalikuwepo, siwezi kukudanganya. Yameandikwa hatari, tope linazamisha. Lakini mtu aliyekesha hasomi, anapita. Nikatembea, mchanga mgumu mzuri, makubazi yako yanalia kwa upya. Nikatembea tena. Mchanga ukawa laini, ukawa mlaini kama unga uliolowa, na nilipoona nakanyaga kitu kinachotetemeka kama ngozi ya maziwa, mguu wa kushoto ulikuwa umeshazama hadi nusu ya muundi. Nikasukuma na wa kulia ili niutoe. Sasa ikawa miwili.

Nyuma yangu mzee mmoja mwenye mbwa anapiga kelele nijilaze, nisipapatike. Neema kasikia nusu, anakimbia huku anapaza sauti, "Kaa! Kaa! Kaa!" na Kheri nyuma yake anauliza, "Yuko wapi? Mkubwa?" Anatafuta kaa, Rukia! Simu mkononi, mimi nazama, yeye anataka kumpiga picha kaa.

Nikakaa. Nikaegemea nyuma kama mzee yule alivyosema, nikawa natikisa mguu taratibu huku na huku ili maji yapenye pembeni. Wa kulia ukatoka na kubazi lake. Wa kushoto ukatoka kwa sauti kama busu la mtu asiye na meno, na ukatoka mtupu. Nikaingiza mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko. Lilikuwa limeshaanza kujifumba, tope la baridi linanibana vidole kama linasalimia. Nililigusa, walahi, ukanda nimeugusa kwa ncha za vidole. Mzee akaniambia kwa upole tu niache, maji yanaanza kurudi, na kwamba jirani pale Burnham-on-Sea kuna kikosi cha uokoaji chenye hovakrafti, chombo kinachoteleza juu ya tope na maji, kwa ajili ya watu kama mimi.

Hapo ndipo Kheri alipopiga ile picha.

Mzee alitembea nasi hadi ukutani, anaongea njia nzima. Lile eneo, anasema, maji hupanda na kushuka kuliko karibu kila mahali duniani, kule Avonmouth hufika mita 14, na wanaowashinda ni Wakanada tu na ghuba yao ya Fundy. Mlango wa bahari wenyewe umekaa kama faneli: maji ya Atlantiki yanaingia kwa mapana, njia inabana, na kwa kuwa hayana pa kwenda yanapanda juu. Mita 14, na bamvua mliyoizoea huko, maji yanapojaa na kupwa kupita siku zote, ni kama mita nne! Halafu akasema, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na kila mtoto: "Na jana mwezi ulikuwa mpevu."

Rukia, nilisimama.

Nilikuwa nimeuona. Nimeushika mwezi wenyewe kwa macho, nikaufungia pazia. Mimi, niliyefundishwa na baba yako. Unakumbuka mara ya kwanza uliponipeleka kwenu, mtu wa bara nisiyejua kupwa wala kujaa, akanihesabia kwa vidole: mwezi ukiandama bamvua, ukiwa mpevu bamvua, katikati maji mafu. Kesho yake akanitahini, nikakosea, akacheka mpaka akakohoa, akakwambia, "Huyu rafiki yako ataliwa na maji." Nimeliwa kubazi tu.

Ile rambirambi niliyokutumia, ile ya mistari miwili. Niliiandika chooni kazini, mapumziko yamebaki dakika nne. Nikajisemea nitampigia nikitoka. Nikatoka nikalala. Kesho yake ilikuwa aibu, wiki ilipopita ikawa aibu nzito zaidi, na baada ya arobaini nikaona sasa hata nikipiga nitasema nini kabla ya... Basi. Sijui. Turudi kwenye kubazi.

Hatukuondoka. Neema alitaka kugeuza, Yusufu akakataa kuliacha shimo lake, nami nikasema siondoki mpaka niyaone maji. Tukala chipsi, shakwe mmoja akamnyang'anya Kheri mkononi, na hiyo ndiyo haki pekee iliyotendeka siku ile. Nikalala tena juu ya mchanga. Nilipoamka jua lilikuwa bado lipo, huku Juni jua halina adabu, saa mbili usiku linakutazama tu. Na maji yamekuja.

Hayakuja kwa vishindo. Yalikuwa yanajaza. Yalipita kwanza kwenye vijifereji nisivyokuwa nimeviona mchana, yakazunguka nyuma ya vichuguu vya mchanga, yakavikata, yakavimeza. Si ya buluu, usidanganyike, ni ya rangi ya tope lilelile. Miguu ya gati ikalowa, ikafupika. Shimo la Yusufu likajaa kutokea chini, kabla hata wimbi la kwanza halijafika. Akatugeukia wote watatu kama mtu aliyeshinda kesi.

Mbele ya pale kuna visiwa viwili, na nyuma yake pwani ya Wales. Kheri hawezi kuona kisiwa asikihutubie. Akasema kile bapa ndicho Flat Holm, na kwamba Mei 1897 Marconi alipitisha pale ujumbe wa kwanza wa simu isiyo na waya kuvuka maji ya bahari, kati ya kisiwa na Lavernock Point ya upande wa Wales. Ujumbe wenyewe maneno machache: mko tayari? Neema akamwambia kama wangekuwa wanamsubiri Kheri ajibu, redio isingevumbuliwa mpaka leo. Tukacheka sana. Mimi nilikuwa na simu mfukoni, imejaa chaji. Kwenu ilikuwa yapata saa nne na nusu, nikajua hujalala. Nikalifungua jina lako. Nikasimama na mguu mmoja una kubazi na mmoja mtupu, maji yananifika vifundoni, baridi ya kukata. Sikupiga. Nikarekodi mawimbi, sekunde arobaini. Ndani yake anasikika Yusufu anamwambia mama yake, "Si nilikwambia?" Bado ninayo.

Njia ya kurudi sina la kueleza, nililala. Mchanga umejaa kwenye gari, Neema hasemi nami mpaka nilioshe. Jumapili bibi wa chumba cha mwisho aliniuliza pua yangu imefanywa nini, nikamwambia bahari. Kumbe binti yake alikuwa akimpeleka palepale kila kiangazi. "Ulikuta maji?" akaniuliza. Ndilo swali lake la kwanza! Watu wazima wote wanajua, isipokuwa mimi.

Sasa niambie. Mama anakula? Kile chumba cha baba mmekifungua au bado? Na chombo chake, kimechukuliwa na kaka yako au kimeuzwa, maana Mwajuma aliniambia hivi na Kheri ananiambia vile? Mikono yako je, ile ganzi imeisha? Nikikupigia Jumatano, saa tatu usiku ya kwenu, utapokea, au unataka kwanza unitukane kwa maandishi? Ile sauti ya mawimbi nikutumie au itakuumiza? Na yale mahesabu ya mwezi, unayo yote kichwani, au kuna mahali aliyaandika? Unihesabie tena, safari hii nitaandika.

Halafu nina ombi. Kubazi lililobaki nimeliosha mara tatu, liko dirishani, linanuka tope mpaka majirani. Silitupi. Yule fundi aliyekushonea, kama bado anakaa palepale, mwulize kama anaweza kushona moja tu. La kushoto, namba 39. Mwambie la kulia lipo.

Wako,
Tatu