Mdogo wangu, rudisha nguzo ya tano

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi soma hapa. Mbele ya watu wa arusi ulifunga daftari ukasema, "Si ndiye aliyechomwa moto? Mnamsomea nini?" Hilo limenikaa kooni. N. M. Rashid, mshairi wa Kiurdu, alifia London Oktoba 1975, mwili wake ukachomwa badala ya kuzikwa. Kama aliusia au hakuusia, wanabishana mpaka leo. Lakini wewe ndiye uliyekesha na Hasan Koozagar wake, shairi lile la Hasan mfinyanzi, ukimtafsiri. Iweje umtupe kwa ajili ya majivu?

Nilichokukosoa ni mistari miwili ya mwanzo tu. Shairi lile limejengwa kwa kipande kimoja, faulun: silabi fupi, ndefu, ndefu. Kwa Kiurdu kipande huitwa rukn, yaani nguzo, na utaratibu wake bahr, neno lile lile lililotupa sisi bahari za ushairi. Sikiliza: jahanza / d niche / gali me / tire dar / ke age. Nguzo tano. Unaofuata: ye mai so / khta sar / hasan ku / zagar hu. Nne. Ile "d" ya Jahanzad, mwanamke ambaye Hasan anasema naye, imekatika ikaangukia nguzo ya pili, nayo inahesabiwa kama silabi fupi. Ukiimeza, mstari unachechemea.

Wewe umesawazisha yote kuwa mizani 16, kina cha kati kwenye ya nane. Ili ijae ukatia "ewe", "mja wako", "kwa yakini". Hasan amesimama uchochoroni, chini ya mlango wa Jahanzad, kichwa kimemuungua. Mtu wa hali hiyo hasemi "kwa yakini".

Silabi zetu hazipimwi kwa urefu, kwa hiyo faulun yenyewe haihamishiki. Tunga kwa mafungu ya silabi sita, mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho utakupa mapigo. Kisha mstari mmoja ubebe mafungu mawili, mwingine matatu, kadiri pumzi inavyotaka. Kina kikija chenyewe, kiache. Usinirudishe kwenye mabishano ya vina na mizani ya tangu Kichomi, mashairi huru ya Kezilahabi ya 1974.

Na Kiajemi kile kilichojaa shairini usikipunguze ukidhani ni pambo. Vita Kuu ya Pili vilimpeleka Rashid Iran akiwa mwanajeshi, mwaka 1955 akatoa Iran mein Ajnabi, mgeni katika Iran. Baadaye kazi ya Umoja wa Mataifa ikamweka New York na Tehran, akawatafsiri washairi wapya wa Kiajemi. "Mfinyanzi" umepatia. Na pale mke anapomtikisa bega, miguu yake imo udongoni, kichwa magotini, amwambia azinduke aitazame nyumba ilivyo: pale hakuna atakayekushinda, kwa sababu ulisahau kuhesabu.

Wanaosema nilikuonea wivu hawajaliona daftari. Niliandika pembeni, kwa penseli, ili ukitaka ufute. Ningenyamaza, ungechapisha vile vile, na wasiokupenda ndio wangekuambia.

Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1969. Tatu zilizobaki zilikuja kitabuni baada ya yeye kufa. Ya nne, ile ya mji uliofukiwa na vigae vya Hasan vinavyochimbuliwa baada ya maelfu ya miaka, bado iko kwako. Nitumie hivyo hivyo ilivyo, mistari ikiwa mirefu kwa mifupi. Kama hasira hazijaisha, mwachie mama.