Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: maandalizi ya watoto wanaoingia kidato cha kwanza

Ndugu wanachama,

Taarifa hii nimeielekeza kwenye kazi moja iliyotuchukulia muda mwingi kuliko zote mwaka huu, yaani madarasa ya kuwaandaa wahitimu wa darasa la saba wa kata zetu. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, kwa hiyo sizigusi.

Badiliko kubwa lilikuwa la kalenda. Zamani tulikuwa tukifungua madarasa Desemba, majina ya waliochaguliwa yakishatangazwa. Desemba ya Dodoma mnaijua wenyewe: mvua ikishika, kila mkono wa nyumbani unatakiwa shambani, na mtoto aliyekuja darasani Jumatatu, Jumatano yuko kwenye mtama. Safari hii tulianza wiki ya kwanza ya Oktoba, kiangazi kingali kikali, tukamaliza mwisho wa Novemba. Ni wiki nane, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Kati ya mtihani wa Septemba na kufunguliwa shule Januari kuna karibu miezi minne, na mtoto asiyeshika kalamu muda wote huo ndiye huyo huyo anayekwenda kusomeshwa Fizikia kwa Kiingereza baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili.

La pili ni tulichofundisha. Madarasa mengi ya namna hii hukimbilia mada za kidato cha kwanza zenyewe. Mtoto anakariri maana ya Biolojia kwa Kiingereza, neno kwa neno, na ukimuuliza amesema nini anakutazama tu. Sisi tulianzia kwenye yale anayoyajua tayari kwa Kiswahili. Hisabati ndiyo rahisi kuliko zote. MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, anaijua tangu shule ya msingi. Akikutana na BODMAS anadhani ni mada ngeni. KDS, kigawe kidogo cha shirika, aliyoitafuta mara mia anaiona imeandikwa LCM, anaweka kalamu chini. Vipindi viwili tu vya kuoanisha majina haya vilitosha kurudisha hesabu alizokuwa nazo.

Fizikia inataka uangalifu zaidi, kwa sababu huko Kiswahili cha mtaani kinapotosha. Sokoni tunasema gunia lina uzito wa kilo 100, na hakuna anayebisha. Darasani kilo ni kipimo cha tungamo, ambayo kwa Kiingereza ni "mass". Uzito, yaani "weight", hupimwa kwa nyutoni, na gunia hilo lina uzito wa nyutoni 1,000 hivi. Mtoto akitafsiri "weight" kama anavyoisikia sokoni ataandika kilo na kukosa, wala hatajua kwa nini amekosa. Saa nayo ni vivyo hivyo. Ratiba ya shule ikiandikwa 7:30 ni saa moja na nusu asubuhi, na 10:40 ni saa nne na dakika arobaini. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kuna watoto ambao hawajawahi kuisoma saa kwa namna hiyo.

Lililotushughulisha zaidi ni maneno ya kuulizia maswali. Mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi. Sekondari mtoto anakutana na "mention", "define", "explain" na "differentiate", na kila moja linadai jibu la namna yake. Akiambiwa "mention three sources of water", maneno matatu yanatosha: mto, kisima, mvua. Akiambiwa "explain", kila chanzo kinataka sentensi yake. Anayeeleza palipotakiwa kutaja anamaliza muda, na anayetaja palipotakiwa kueleza anapoteza alama ilhali somo analijua. Akiambiwa "differentiate", asieleze kitu cha kwanza hadi mwisho ndipo aanze cha pili. Aviweke vyote viwili ubavu kwa ubavu, tofauti moja baada ya nyingine.

Kipindi chetu kilikwenda hivi. Wanasoma aya fupi ya sayansi ya darasa la saba kwa Kiswahili, dakika kumi. Kisha aya yenye maana hiyo hiyo kwa Kiingereza, mwalimu akisoma kwa sauti nao wakifuatisha. Wanachagua maneno manane mapya na kuyaandika kwenye daftari la safu tatu: Kiswahili, Kiingereza, na sentensi ya mtoto mwenyewe. Mwisho wanafunga vitabu na kuandika sentensi tano za imla. Safu ya tatu ndiyo wanayoikwepa, na ndiyo yenye faida. Katika wiki mbili za mwanzo tulitoa maneno ishirini kwa siku, ikawa kosa letu: waliyakariri Jumatatu, Ijumaa hayapo. Kusoma kwa sauti pia tusikuache. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akiona "science" anatamka kila herufi, halafu mwalimu wa sekondari akilitamka neno lenyewe hajui kama ndilo lile. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Tulichapa kurasa chache tu, kwa sababu wino ni ghali.

Kuhusu nyaraka, tulikagua majina ya kila mtoto. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye kumbukumbu za shule ya msingi na kwenye namba ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi, liwe moja, kwa herufi na kwa mpangilio. Mwajuma akiwa Mwajuma huku na Mwajabu kule, kurekebisha sasa kunaanzia kwa mwalimu mkuu wake wa zamani. Akishasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, ni viapo mahakamani na safari zisizoisha.

Ununuzi tuliuzungumza na wazazi mara moja, na narudia kwa kifupi. Msinunue kitu kabla ya kuisoma fomu ya kujiunga ya shule husika, maana rangi ya sare na aina ya viatu hutofautiana. Ada ya sekondari za serikali, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, iliondolewa tangu Januari 2016. Mzazi anayeombwa "ada" aulize ni mchango gani na nani kauidhinisha. Kauntabuku za kurasa 192 zinatosha kuanzia. Za kurasa 288 ni mzigo kwa mtoto anayetembea kilomita tano. Fomu ya afya ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali mapema, kwani wiki ya kufungua foleni huwa ndefu. Na kwa kuwa Januari mifuko ya wengi wetu imekauka, mavuno yakiwa bado yako mbali, wanaouza zabibu za Agosti na Septemba watenge fedha ya sare wakati huo.

Jambo moja limetushinda. Shule ikiwa mbali, wazazi wanampangia mtoto geto, yaani chumba cha kukaa peke yake. Msichana wa miaka kumi na nne anapika mwenyewe, analala mwenyewe, na mwenye nyumba ndiye mtu mzima pekee aliye karibu. Tuliwashauri watafute ndugu au hosteli ya shule, lakini hosteli hazitoshi na ndugu hawapo kila kijiji. Kamati haina jibu, na naomba mkutano ulijadili.

Ajenda ya mwisho ni 2028. Watoto walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Madarasa yetu ya Oktoba 2027 yatahitaji vyumba na walimu mara mbili, na hao wa darasa la sita watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja. Kamati inapendekeza mkutano huu uchague watu watatu waanze kuzungumza na wakuu wa shule za msingi kuhusu vyumba.