Kabla ya kuuliza kuhusu mtandao uliokatika

Ndugu wanakikundi,

Maswali mengi yanayoletwa hapa husema tu kwamba mtandao haufanyi kazi, nasi hushindwa kusaidia kwa kuwa hatujui umekatikia wapi. Naomba kila anayetumia Linux aandike kwanza nmcli device status kwenye terminali, aone kama mbele ya kadi yake ya mtandao pameandikwa connected.

Kisha aandike ip addr. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la seva ya DHCP (inayogawa anwani kwa kompyuta), hivyo mara nyingi tatizo liko upande wa ndani na si kwa mtoa huduma. Anwani ikiwa ya kawaida, ip route itamwonyesha anwani ya ruta katika mstari unaoanza na default. Aijaribu kwa ping -c 4 (amri ya kutuma ujumbe mfupi mara nne na kungoja jibu), ingawa baadhi ya ruta huwekwa zisijibu. Baada ya hapo ajaribu vivyo hivyo 8.8.8.8, namba ya seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti, halafu jina la tovuti yoyote.

Hatua hii ya mwisho tafadhali msiiruke. Namba ikijibu na jina lisipatikane, njia ni nzima ila DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, ndiyo inayoshindwa. Tazameni faili ya /etc/resolv.conf, inayotaja seva ya DNS; mkikuta 127.0.0.53, ambayo ni anwani ya kompyuta yenyewe, amri ya resolvectl status itaonyesha seva halisi inayoulizwa.

Matokeo yabandikwe kikundini kama maandishi, si picha ya skrini, ili tuweze kuyanakili na kuyachunguza.