Mwanangu, hilo deni lifute

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliikuta saa nane usiku, ndo nimetoka kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha dirishani nikakaa dakika mbili nipumzishe miguu. Eti "mama, hivi unajutia kuacha unesi kwa ajili yangu?" Nikaiangalia ile simu nikairudisha mfukoni, maana swali kama lile hujibu kwa vikatuni vya kucheka. Sasa nimelala nimeamka, nyumba kimya, nakuandikia. Itakuwa ndefu, vumilia.

Nianze na kitu ambacho hata baba yako sijamwambia. Niliacha kazi 2008 ukiwa na miezi mitano, kifua kilikuwa kinakubana usiku mpaka mbavu zinaingia ndani na mimi niko shifti, siku moja namshikia mtoto wa mwenzangu maski ya nebulaiza, ile mashine ya kuvutisha dawa ya kifua, nikajikuta nalia pale pale wodini, asubuhi yake nikaandika barua ya kuacha. Hiyo sijutii hata kidogo. Lakini baba, kile kifua kilitulia ukiwa na miaka minne! Ukaanza shule, ukawa unarudi magoti yamechubuka kwa mpira, makelele nyumba nzima, na mimi bado najibu watu "siwezi kurudi kazini, mtoto ananihitaji." Miaka mingine 12 hiyo. Haikuwa wewe. Nilikuwa naogopa tu, na wewe ulikuwa kisingizio kizuri, nani atamsema mama anayelea? Kwaiyo hilo deni unalojibebesha lifute, sehemu kubwa si lako.

Uoga wenyewe unakujaje, sijui kama nitaweza kuueleza. Mwaka wa kwanza unasema nitarudi. Mwaka wa tano unasikia dawa zimebadilika, wenzako uliosoma nao ni maincharge, wakuu wa wodi, leseni yako imeshaisha muda, na kila mwaka unaoongezeka unafanya kurudi kuwe kugumu zaidi, alafu ule ugumu ndo unakuwa sababu ya kukaa mwaka mwingine. Ukiumwa tumbo unaenda hospitali unamwangalia nesi anavyochoma sindano, unageuza uso.

Mambo ya makaratasi sikuchoshi nayo. Kila nchi na utaratibu wake, ila kwa kawaida baraza la wauguzi linataka vyeti vyako, linaweza kukurudisha darasani kidogo na kukuweka chini ya nesi mwingine kwa muda kabla hujaachiwa wagonjwa peke yako, na mimi ndo yalinikuta yote hayo. Kwenye intavyuu wakaniuliza miaka 16 ulikuwa unafanya nini. Baba yako alikuwa ameniambia niseme biashara. Nikasema "nimelea", nikanyamaza, na wao wakanyamaza, mmoja akaandika kitu. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Sasa darasani ndo nilipoona kituko. Siku ya CPR, kumshtua mtu ambaye moyo umesimama, tumezunguka mdoli wa mazoezi, mwalimu kijana mdogo kweli, anasema huyu mtu mzima kaanguka hapumui, anza. Nikapiga magoti kwa kujiamini kabisa, nikainua kidevu, nikafungua njia ya hewa, nikajiandaa kupuliza. Yule kijana akasema taratibu, "mama, sekunde zinaenda." Kumbe mwongozo uligeuzwa 2010 mimi niko nyumbani nafua nguo zako. Sisi tulifundishwa njia ya hewa, pumzi, ndo ufike kifuani. Saivi mtu mzima unaanza na kifua, unabonyeza mara 30 ndo unatoa pumzi 2, kina sentimita 5 na isizidi 6, kasi 100 mpaka 120 kwa dakika. Nilijiandaa kwa yale niliyosahau, nikanunua daftari kabisa. Sikujiandaa kwa yale niliyokuwa nayakumbuka vizuri na yameshapitwa.

Na kuna baya zaidi. Wiki ya kwanza wodini nimemaliza kumchoma mgonjwa, mkono wangu wenyewe ukaenda kuchukua kifuniko uirudishie sindano. Hiyo hata enzi zetu ilikatazwa, sindano ikitumika inaenda moja kwa moja kwenye boksi lake, ndo hapo watu wanajichoma wakapata homa ya ini au virusi vya ukimwi. Tulikuwa tunaifanya kwa mazoea, tena mbele ya wakubwa. Nesi aliyekuwa ananisimamia akanishika kiganja, hakusema neno. Miaka 16 nimesahau majina ya dawa nusu nzima, ila kaupumbavu kale kalikuwa kamekaa mkononi kananisubiri.

Lakini usidhani ni aibu tu mwanangu, mama yako naye ana siku zake. Kuna siku pampu imegoma, dripu ya mililita 1000 inatakiwa iishe ndani ya masaa 8, mpira wake ni wa matone 20 kwa mili, vijana wanatafuta kikokotoo kwenye simu, mimi nikasema 42 kwa dakika nikaenda kuhesabu na saa yangu ya kifuani. Wakaniangalia kama mganga. Alafu pampu ikapona, yenyewe haitaki matone, inataka mili kwa saa, nikaweka 125 ikaanza kulia, nikabonyeza huku inalia, nikabonyeza kule inalia, mgonjwa akaniuliza kama nimewahi kuiona. Kumbe klampu, kile kibanio cha mpira, sijaifungua.

Ninachotaka ujue hasa ni usiku wa jana, ule ule wa meseji yako. Kuna mzee mmoja, presha nzuri, kale kadude ka kidoleni ka kupima oksijeni kanasoma 96, joto kawaida, anasema hajambo. Ila sikumpenda alivyokaa. Nikuambie siri ya wodi, pumzi ndo kipimo kinachodanganywa kuliko vyote, mtu anapita anaandika 20, kitanda cha pili 20, wodi nzima inapumua 20. Mimi nilifundishwa na matroni mkali, unashika mkono wa mgonjwa kama unapima mapigo ili asijue unamhesabu kifua, dakika nzima. Nikahesabu 26. Sasa enzi zetu ningeishia kumpigia daktari "njoo umwone huyu, simwelewi", akaniambia subiri asubuhi. Saivi kuna fomu ya pointi, kipimo kikiwa mbali na kawaida kinapewa pointi, na pumzi ikifika 25 hiyo peke yake ni pointi 3, lazima aonwe haraka. Nikapiga simu nikamwambia kwa mpangilio wanaotufundisha, kinachoendelea, historia yake, ninavyofikiri mimi, na ninachotaka afanye, nikamaliza "naomba uje sasa hivi." Akaja. Alfajiri wakamhamishia chumba cha uangalizi. Mwisho wake sijui bado, nitauliza leo nikiingia.

Dakika ile nzima nimeshika mkono wa yule mzee, unajua nilikuwa nafikiria nini? Wewe, una miezi mitano, taa imezimwa, nimeweka kiganja kifuani kwako nahesabu. Usiku ngapi ule! Pale kwenye intavyuu nilisema nimelea nikaona haya, ningesema nilikuwa nahesabu pumzi.

Bas, miguu inavimba, viatu nimebadilisha mara mbili, na pasiwedi ya kompyuta nimeiandika nyuma ya kitambulisho, usimwambie mtu. Ukija likizo ukakuta mlango wangu umefungwa mchana usigonge, nimetoka usiku. Na nikiwa ofu, ukishtuka katikati ya usiku ukaniona nimesimama kando ya kitanda chako gizani, lala tu. Sitachukua zaidi ya dakika moja.

Mama yako