Nakwenda wapi?

Marseille, Machi

Mama, shikamoo. Mimi huku sijambo, baridi tu ndiyo haijataka kuondoka. Uliniuliza kwenye simu kama lugha ya Kifaransa imeshaingia. Inaingia, lakini inapitia dirishani.

Wiki hii darasani tunafundishwa kusema mtu anakwenda wapi. Nikadhani hapo nitatamba. Sisi si tunasema naenda, unaenda, anaenda, yaani kofia inabadilika, mtu ni yuleyule? Wenzetu wanambadilisha mtu mzima: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Hiyo ya mwisho inatokea puani.

Ukishalipata hilo, hujafika bado. Lazima ujue huko uendako ni kwa kiume au kwa kike. Soko dume: au marché. Msikiti jike: à la mosquée. Shule, kwa kuwa inaanza na irabu, à l'école. Choo wanakisema kwa wingi hata kikiwa kimoja: aux toilettes. Siye tunatia -ni tu, sokoni, msikitini, chooni, tumemaliza. Hata nchi zina jinsia: en Tanzanie, lakini au Kenya, na Ngazija na wenzake ni aux Comores. Miji ndiyo haina makuu. À Tanga, basi.

Kilichoniokoa ni neno chez. Mwalimu alihangaika nalo ubaoni, anachora nyumba, anachora mtu mlangoni, wenzangu wamekodoa macho. Mimi nacheka peke yangu: si ni "kwa" yetu hiyo! Kwa daktari, chez le médecin. Kwa shangazi Ngamiani, chez ma tante à Ngamiani.

Tukaambiwa tuandike watu wa nyumbani wanakwenda wapi. Nikawaandika nyie. Baba msikitini, wewe soko la Mgandini, na "Ma grand-mère va chez sa sœur à Pangani," yaani Bibi anakwenda kwa ndugu yake Pangani. Nilipata alama zote. Mwalimu hajui kuwa Bibi akisema anakwenda Pangani mara moja, anarudi baada ya wiki.

Sasa sikia aibu yangu. Kuna bibi wa Kifaransa anakaa ghorofa ya chini, alinisimamisha ngazini kuniuliza natoka wapi. Nilitaka kusema je viens de Tanzanie, natoka Tanzania. Ulimi ukateleza: "Je vais en Tanzanie!" Nakwenda Tanzania. Akafurahi, akanishika mikono yote miwili, bon voyage nyingi, yaani safari njema. Kesho yake asubuhi kagonga mlango na chupa ya jamu ya tini aliyoipika mwenyewe, nimpelekee mama.

Ningemrudishiaje? Na Kifaransa cha kumweleza kisa chote sina. Siku hizi nachungulia kwanza ngazini kabla ya kutoka.

Jamu yako ipo kabatini, Mama, sijaifungua. Nisalimie wote, na Bibi akirudi.

Mwanao